Masila Mulwa, 1951–2024: Fundi wa Maabara, Mpika Chang'aa

Marehemu Masila Mulwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kilungu, akiwa mtoto wa tatu wa Mulwa Mbithi na mkewe Katee. Baba yake alikuwa mkulima. Mama yake alifinyanga vyungu, na ni vyungu hivyo vilivyomlipia karo.

Alisoma shule ya msingi Kilungu kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari mjini Machakos hadi kidato cha nne mwaka 1970. Somo alilolipenda lilikuwa kemia. Kati ya 1972 na 1974 alisomea ufundi wa maabara jijini Nairobi, akarudi nyumbani na cheti pamoja na koti jeupe ambalo mama yake alilifua kila Jumapili, likiwa chafu au safi.

Januari 1975 aliajiriwa katika shule moja ya upili mjini Kajiado, akafanya kazi hapo kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: madirisha hufunguliwa kabla ya moto kuwashwa. Ya pili: moto hauachwi peke yake. Wanafunzi walimwita Dirisha. Mzazi mmoja aliyefika kulipia chupa iliyovunjwa na mwanawe alimnyoshea mkono akamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa, Dirisha," akidhani hilo ndilo jina lake. Marehemu aliitikia, "Epa," na hakumsahihisha. Ile amri ya pili ilimkosesha karamu ya kumuaga mwalimu mkuu mwaka 1998. Alikuwa amewasha moto kwa ajili ya mtihani wa siku iliyofuata, akala chapati yake amesimama kando ya moto huo.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Roda Kaluki kanisani Kilungu. Mungu aliwajalia watoto wawili: Evalyne Katee mwaka 1986, na Muema mwaka 1991. Kwa desturi ya Wakamba, binti wa kwanza alipewa jina la Katee, mama wa marehemu. Kwa hiyo marehemu alimwita binti "mwaitu", yaani mama yangu, tangu akiwa mchanga, na tangu hapo ilikuwa vigumu kwake kumkatalia jambo lolote.

Alistaafu mwaka 2006, na mwaka uliofuata familia ikahamia Noonkopir, Kitengela. Mwanzoni alitengeneza maji ya betri na kuyauzia magereji. Kuanzia mwaka 2009 alipika chang'aa. Hakuwa na leseni. Kwa miaka kumi na mitano familia iliendelea kusema ni maji ya betri: kanisani, kwenye chama, na katika kila mazungumzo ambamo binti yake, mwandishi wa makala gazetini, aliulizwa mzee anafanya nini siku hizi. Binti huyo ameandika kuhusu nyumba za watu wengi. Ya kwao hakuiandika.

Alipika ndani ya nyumba kwa sababu hakukuwa na mahali pengine. Chumba cha nyuma kilikuwa na upana wa hatua nne, mlango mmoja unaofunguka kuelekea sebuleni, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Jiko la makaa lilikaa juu ya saruji tupu, na karibu nalo ndoo ya mchanga. Bomba la shaba lilipita kwenye pipa la maji baridi. Chupa ya kupokelea aliiweka mbali kabisa na jiko, kwa kuwa, alivyosema, mvuke wa pombe hushika moto kabla ya pombe yenyewe. Ile pombe ya kwanza kutoka, yenye sumu, aliimwaga kila mara, na wateja wake, wazee watano au sita, walilalamika.

"Masila, mfereji wako unalewa kutushinda sisi," mmoja alimwambia.

"Mfereji hauna macho ya kupofuka," alijibu.

Jirani wa ukuta huo ni Hodo, mwenye duka la nguo. Alikuja mwaka 2010 kulalamikia harufu.

"Mzee, nguo zangu zinanuka baa. Funga hiyo dirisha."

"Hiyo siwezi, mama. Harufu haijaua mtu. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua."

Walikubaliana kwamba hatapika Ijumaa, na dirisha litabaki wazi. Mapatano hayo yalidumu miaka kumi na minne. Hodo hakumpenda kwa kazi yake, na alimwambia hivyo, lakini kila Idi alimletea pilau.

Tarehe 10 Februari 2024, siku ya Jumamosi, familia ya Gakuru, mchumba wa Evalyne, ilikuja kuleta mbuzi wa ntheo, ambao baba akiwapokea binti huhesabiwa ameolewa. Marehemu alikuwa ameomba siku hiyo isogezwe, kwa sababu alikuwa na pipa lililoiva ambalo lingeharibika. Binti yake alikataa. Basi aliwasha moto alfajiri ili amalize saa tano, kwani wageni walitarajiwa saa saba. Walifika saa nne unusu. Wageni wa mahari hawajulikani kwa kufika mapema, na hakuna mtu nyumbani aliyekuwa tayari.

Harufu ilikuwa imeenea hadi kwenye hema la wageni. Mama yake Gakuru, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Evalyne aliingia chumba cha nyuma.

"Baba, zima."

"Nikimwagia maji saa hii, moshi utajaa kijiji. Nipe nusu saa."

"Basi funga dirisha. Watu wanashika pua."

"Moto uko ndani, mwaitu."

"Dakika kumi tu. Nakuomba. Usiniaibishe leo."

Alisema, "Sawa, mwaitu," akafunga dirisha. Angeweza kutoka. Hakutoka, kwa sababu moto hauachwi peke yake. Evalyne alifunga mlango, akavua leso yake, akaikunja na kuziba nayo chini ya mlango ili harufu isipite. Wazee walipouliza baba yuko wapi, aliwaambia anabadilisha shati. Walisubiri dakika arobaini. Evalyne aliona muda ukipita, na aliwaongezea wageni soda.

Hodo aliona kutoka upande wake kwamba dirisha limefungwa. Aliingia kwenye hema bila kusalimia mtu, akauliza mbele ya wageni wote, "Nani amefunga dirisha ya Mzee?" Yeye na Muema ndio waliofungua mlango, wakamkuta ameanguka kando ya jiko.

Hospitalini, daktari aliuliza mgonjwa alikuwa wapi alipoanguka. Evalyne alijibu, "Sebuleni. Ana presha." Kwa siku mbili alitibiwa kama mtu wa presha. Siku ya tatu mkewe Roda alimfuata daktari kwenye kibaraza akamweleza habari za makaa. Daktari hakumkemea. Alisema tu kwamba angependa kulijua hilo Jumamosi.

Marehemu alirudi nyumbani mwezi wa Machi. Mikono ilitetemeka, na majina yalimpotea, isipokuwa la mama yake. Evalyne alimlisha uji kila jioni, naye alimshukuru kwa kumwita mwaitu. Kama alimaanisha binti au mama, hakuna ajuaye. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Katika kikao cha mazishi ilipendekezwa kuandikwa kwamba aliugua presha kwa muda mrefu. "Mazishi si mahakama, Katee," mdogo wa marehemu alimwambia Evalyne. "Watu wanakuja kula na kulia, waende." Roda alijibu: "Miaka kumi na tano tumemficha akiwa hai. Kaburini nimkabidhi kwa jina lake. Na asome yeye mwenyewe." Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa na Evalyne, na leo tarehe 18 Oktoba, hapa Isinya, kwenye shamba la familia, ndiye anayeusoma.

Marehemu ameacha mjane, Roda Kaluki; mwanawe Muema; mdogo wake mmoja; na jirani yake Hodo, ambaye Roda ameagiza aandikwe hapa. Ameacha Gakuru, ambaye familia haiwezi kumwita mkwe, kwa kuwa mbuzi waliletwa na baba hakutoka kuwapokea. Ameacha binti yake Evalyne Katee, aliyemwambia afunge dirisha, akaziba mlango, kisha akamdanganya daktari.

Baba, nisamehe. Pumzika kwa amani.