Vichupa Tisa vya Losaline

Nyuma ya soko la Talamahu, pale wauza vikapu wanapopakana na wauza majani ya magimbi, upo ubao uliolazwa juu ya makreti mawili ya soda. Juu ya ubao huo, kila Jumamosi tangu asubuhi mpaka chupa ya kahawa iishe, hukaa watu watatu ambao hakuna aliyewapa kazi ya kuuhukumu ulimwengu, nao hawakupata kuikataa. Wa kwanza ni Vika, msusi wa vikapu, aitwaye Hakimu kwa sababu alikuwa mkalimani mahakamani miaka kumi na minane, na kila hukumu aliyoitafsiri anaihesabu kuwa yake. Wa pili ni mzee Uaisele, bawabu mstaafu wa hospitali, aitwaye Dokta. Wa tatu ni Semisi, dereva wa teksi, mwimbaji wa besi katika kwaya, aitwaye Kinanda. Pamoja nao hukaa Losaline, asiyehukumu mtu, naye hakuwa na jina la utani, kwa kuwa mwaka mzima hakuna aliyethubutu kumtania. Alivaa nyeusi, na kiunoni alifunga mkeka mkuukuu wenye nyuzi zilizofumuka, mkeka wa mjane.

Jumamosi hiyo alikuja amekumbatia kisanduku.

— Binti yangu Katalina ameniletea, alisema, akakipakata. Kutoka kwake Oklandi, ng'ambo. Sijui nivifanyie nini.

— Uvifanyie nini, nini? aliuliza Hakimu bila kuinua macho kwenye ukili wake.

— Lipshaini. Ziko tisa.

— Tisa, alisema Dokta. Na midomo unayo miwili.

Losaline alifungua kifuniko. Vichupa vilikuwa vimelala safu tatu, virefu kama vidole vya mtoto, kila kimoja na mng'ao wake wa madini: shaba, fedha, dhahabu, waridi lililotiwa vumbi la dhahabu, kijani cha mgongo wa mbawakawa, zambarau ya mafuta ya gari yaliyoelea juu ya dimbwi, na vingine ambavyo hata mwenye navyo hakuvijulia jina. Juu yake palikuwa na kikaratasi cha bintiye: Mama, mwaka umekwisha. Anza na chochote.

Ni kweli mwaka ulikuwa umekwisha, tena wiki tatu nyuma. Lakini katika nchi hii ya visiwa kalenda haimvui mtu nyeusi. Anayemvua ni shangazi wa watoto. Na shangazi wa watoto wa Losaline alikuwa Sisilia, dada mkubwa wa marehemu mumewe, Taniela, yule aliyeketi upande wa kichwa cha maiti siku ya maziko, na wote, wakubwa kwa wadogo, wakamwendea kwa magoti. Sisilia hakuwa amesema neno. Na kesho ilikuwa Jumapili ya Mei, siku ya watoto, ambayo kwaya huimba wimbo unaoanzwa na sauti moja peke yake kabla ya nyingine kuingia. Sauti hiyo ilikuwa ya Losaline kwa miaka ishirini na miwili. Akikaa mbele bila ruhusa, atakuwa amemdharau marehemu mbele ya ndugu zake. Akikaa nyuma, wimbo utaanzwa na mwingine mwaka wa pili mfululizo, na kilichokwisha kupewa mwingine kanisani hakirudi kwa urahisi. Usiku kucha alikuwa amelipima jambo hilo, na mizani haikulala upande wowote.

— Nipe nivikague, alisema Hakimu. Kielelezo hakipokelewi hivihivi.

Alichukua cha shaba, akajichora mstari nyuma ya kiganja, akautazama kivulini, kisha akaunyoosha mkono juani.

— Kivulini ni kahawia ya kawaida. Juani, hebu tazama, Kinanda, mkono wangu umekuwa sufuria mpya.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kinanda.

— Inahusu nini hapa?

— Vilikuwa ndani ya sanduku. Si aliinama kuvitoa?

— Wifi hajasema, alisema Losaline.

Dokta aliimimina kahawa polepole, kana kwamba nayo ilikuwa imefiwa.

— Hajasema ndiyo, au hajasema hapana? aliuliza Hakimu.

— Hajasema.

— Basi sheria imeacha mlango. Sikilizeni. Mjane amekatazwa rangi. Hii si rangi, huu ni mwanga. Nimewaonyesha: kivulini haipo. Kitu ambacho kivulini hakipo, mtu hawezi kushtakiwa nacho kivulini. Na kanisani ni kivulini.

— Kanisani kuna madirisha, alisema Kinanda.

— Atakaa mbali na dirisha.

— Nyinyi mnaongea mambo ya nje ya mwili, alisema Dokta. Mimi nazungumza tiba. Mtu akilia mwaka mzima, damu ya huzuni hushuka ikakaa midomoni. Ndiyo maana midomo ya wafiwa hukauka. Sasa vile visu vya hospitali, kwa nini ni vya madini? Madini huvuta uchafu. Mpakeni ya fedha siku tatu, huzuni yote itatoka.

— Umesomea wapi hayo, mzee wangu?

— Nimeyaona kwa macho yangu, miaka thelathini.

— Ulikuwa unafungua geti, Dokta.

— Na kila aliyepona alipita getini.

Hakimu alirudi kwenye ukili wake. Kinanda alisogea mbele ya ubao, zamu yake ikiwa imefika.

— Nyote mmeuacha muziki. Tarumbeta imetengenezwa kwa nini? Kwa shaba. Ingekuwa ya mti ingesikika wapi? Basi fikirini sauti ya Losaline ikipita kati ya midomo ya dhahabu. Na lile paa la kanisa letu ni bati. Madini huita madini. Akianza tu, paa litajibu, na watu wa kisiwa cha Eua watasikia ng'ambo ya maji bila redio.

— Na radi je? aliuliza Dokta.

— Radi gani?

— Madini juu, madini chini, mtu katikati. Radi itampiga sauti ya kwanza, iwarukie nyinyi wa besi.

— Besi hatupigwi na radi. Tuko chini sana.

— Mwenyezi Mungu mwenyewe, alisema Hakimu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kuachwa nyuma, alipotaka ajengewe hema jangwani aliomba nini? Dhahabu, fedha na shaba. Vyote vitatu vimo humu sandukuni. Nani kati yenu amewahi kusikia aliomba nyeusi?

— Aliomba pia vioo, alisema Losaline kwa sauti ndogo.

— Vioo?

— Wanawake waliotumika mlangoni pa hema walikuwa na vioo vya shaba. Wakavitoa, vikayeyushwa, vikawa birika la kunawia makuhani. Hawakujitazama tena, Hakimu. Walitoa.

Hakimu alisuka mizunguko miwili kabla ya kujibu.

— Hoja imepokelewa, alisema. Lakini kabla ya kutoa, walikuwa navyo. Nao walijitazama.

Losaline aliinamia kisanduku. Aliwatazama watatu hao kwa chini ya ukope, na moyo wake ukajaa jambo ambalo kwa mwaka mzima hakulipatia kinywa. Huyu Kinanda alimpeleka makaburini kila Jumamosi alasiri, akamngoja garini akijifanya amelala. Huyu Hakimu alimalizia vikapu vyote ambavyo Losaline aliviacha bila kuvimaliza mwezi wa kwanza wa msiba, akaviuza kwa jina la mwenyewe, na mtu akivisifu alinyamaza. Na huyu Dokta, mtu wa maneno kama mvua, alikaa barazani kwake siku kumi za kwanza bila kusema lolote, na hilo kwake lilikuwa sadaka kubwa kuliko ng'ombe. Hakuwa amewashukuru. Mfiwa huhudumiwa, na shukrani huingoja siku yake. Lakini siku yenyewe ilikuwa imekwama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

— Mashauri yote haya ni bure bila majaribio, alisema Dokta. Hospitalini hawampi mgonjwa kitu kabla hakijajaribiwa.

— Wanajaribu kwa nani?

— Kwa wenye afya. Nipe hiyo ya fedha.

Mzee wa miaka sabini na mmoja alishika kibrashi kwa vidole viwili, akajipaka mdomo wa chini, kisha wa juu, na kidogo kwenye masharubu. Hakimu alimshikia kioo cha mkononi alichokitoa kikapuni mwake.

— Nafanana na nani?

— Samaki aliyetolewa kwenye barafu, alisema Hakimu. Fedha haitupendi watu wa ngozi yetu, hutufanya kama tumenyeshewa majivu. Ona shaba sasa. Akajipaka ya shaba, akaibana midomo, akaiachia. Hii ndiyo. Hii inakaa kama imezaliwa hapa.

— Inanata?

— Inanata kama asali. Unywele umeshanasa.

Kinanda alijipaka ya dhahabu kwa ajili ya elimu. Akavuta pumzi, akatoa noti moja ya chini iliyotetemesha vikombe. Muuza majani ya magimbi aligeuka.

— Mmesikia?

— Ileile ya siku zote.

— Imeng'aa, alisema Kinanda. Nyinyi hamna sikio la madini. Akauma biskuti ngumu ili ajipongeze, na chembe zote zikamganda mdomoni, dhahabu na unga, akawa kama mkate uliopakwa yai.

Losaline alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akajifunika kinywa kwa mkono, akatazama huku na huku kama mwizi. Na alipotazama upande wa magimbi, akamwona Sisilia.

Alikuwa anakuja na kikapu cha majani ya chakula cha kesho, mrefu, ameshika mwavuli. Losaline alikisukuma kisanduku chini ya ukingo wa mkeka wake. Kinanda alisimama. Dokta akavua kofia. Hakuna aliyekumbuka midomo yake mwenyewe.

— Hamjambo hapa, alisema Sisilia.

— Hatujambo, Shangazi, walijibu watatu kwa midomo iliyobanwa, na sauti ikatoka kama ya watu waliofungiwa chumbani.

Sisilia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

— Uaisele.

— Naam.

— Una nini mdomoni?

— Ni dawa, Shangazi.

— Na ya Semisi?

— Yangu ni ya muziki.

— Kisanduku ni cha nani?

— Changu, wifi, alisema Losaline. Alikitoa mwenyewe, akakiweka wazi juu ya magoti. Wao hawana kosa. Katalina ndiye aliyeniletea.

Sisilia alikitazama kisanduku, akawatazama wale watatu waliokuwa wanang'aa, akamtazama Losaline.

— Mbona basi mwenye kisanduku peke yake ndiye mwenye midomo mikavu?

Dokta alijipangusa masharubu kwa kofia.

— Nilikuwa nakusubiri useme, alisema Losaline.

— Mimi? Sisilia aliweka kikapu chini. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe uje. Kila Jumapili nakuona pale nyuma, nasema, bado analia, mimi ni nani nimkatize. Nikajiambia, nikimwambia vua, atadhani nimechoka kumlilia ndugu yangu.

— Na mimi niliogopa kukuuliza. Ungedhani nimechoka kumlilia mume wangu.

— Wiki tatu?

— Wiki tatu, wifi.

— Kwa heshima, alisema Sisilia, akatikisa kichwa. Heshima imetukalisha kila mmoja mlangoni pa mwenzake, na hakuna aliyepiga hodi. Taniela angetucheka mpaka akae chini.

Alisema hivyo na macho yake yakalowa, lakini hakuyafuta. Alijisogeza, akaketi juu ya ubao pale alipokuwa ameketi Kinanda.

— Mkeka nitaufungua mimi, jioni hii, nyumbani kwako, watoto wawepo. Hiyo ni kazi yangu na nitaifanya kwa utaratibu wake. Rangi uchague mwenyewe.

— Nichagulie, wifi.

— La. Nimekuchagulia mengi.

Losaline aliipitisha mikono juu ya dhahabu, juu ya shaba, juu ya fedha, vilivyotetewa kwa hoja nzito asubuhi nzima, na akachukua ile zambarau ya dimbwi.

— Zambarau, alinong'ona Kinanda. Hatukuijadili.

— Kesi imefungwa, Kinanda, alisema Hakimu.

Sisilia alimshika wifi yake kidevu. Tangu siku ya maziko hakuna mkono uliokuwa umemgusa Losaline usoni. Akampaka katikati ya mdomo wa chini, akavuta kibrashi kulia, akavuta kushoto, akapanda juu taratibu, kama mtu anayeandika jina asilotaka kulikosea.

— Bana. Tena. Achia.

— Inawasha kidogo.

— Utazoea. Kesho ukae mbele, wimbo uanze wewe. Mimi nitakuwa benchi la kwanza, na ukiutoa chini kama mwaka juzi nitakohoa.

— Sikuutoa chini.

— Uliutoa chini. Taniela alikutetea wiki nzima.

Losaline alisema asante. Akaisema tena, akimtazama Hakimu, na tena akimtazama Dokta, na tena akimtazama Kinanda aliyekuwa anahangaika na chembe za biskuti. Kisha akaisema mara nyingi mfululizo, kwa wifi yake, kwa bintiye wa mbali, kwa Taniela aliyelala makaburini, kwa Mola aliyemwachia pumzi, asijue tena ipi ni ya nani, na hakuna hata mmoja pale ubaoni aliyetaka azitenganishe.