Rubani Atakula na Nani?

Abigail alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Basi la Kisumu lilikuwa limetoka Kakamega, na Mzee Phanuel, fundi wa ndege aliyestaafu, alikuwa amempata Elvis, kijana anayekwenda kuanza masomo ya urubani. Hawakuwa wakijuana hadi walipoketi pamoja.

"Zamani mule mbele ya ndege walikuwa wanakaa watu watano," mzee alisema. "Wa redio akatolewa, wa ramani akafuata, halafu mimi niliyekuwa nachunga mishale ya vipimo vya injini. Sasa ni skrini tu."

"Lakini mzee, ajali zimepungua," Elvis alijibu kwa upole.

"Sikatai. Lakini wale wawili wamebaki hawakulangi chakula moja, ndio tumbo la huyu likiharibika, yule ashushe ndege. Sasa nasikia wanataka abaki mmoja. Huyo atakula na nani, kijana wangu?"

Abigail, ambaye hajawahi kupanda ndege, alijikuta akimhurumia rubani ambaye hata hajaajiriwa.

"Khayega!" Kondakta aligonga bodi ya basi mlangoni, na dereva akasimamisha basi bila kugeuka.

Mzee alichukua mfuko wake ashuke. "Umeona? Hata hapa chini wako wawili."