Masafa na Safari Fupi ya Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto. Aliye garini, kama ameshafika, asishuke kwanza. Leo tunamkumbuka dereva. Dereva mmoja tu, ambaye hakuwahi kutajwa kwenye gazeti lolote, na ambaye mtaa mzima ulimwita Masafa.

Jina hilo alipewa na wenzake wa malori. Aliendesha malori ya mizigo tangu kijana mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alikuwa mtu wa kuondoka mwezi huu na kurudi mwezi ujao. Binti yake ni fundi wa kushona nguo. Aliniambia, anacheka huku anafuta machozi: "Nilipokuwa mdogo nilidhani baba ni mgeni anayetuletea mikate. Nilikuwa namwamkia vizuri, halafu namuuliza mama pembeni, huyu anaondoka lini?"

Alipostaafu alinunua gari. Gari la dizeli, wasikilizaji. Shikeni hilo. Gari kubwa, jeusi, kiti cha nyuma mtu analala akajinyoosha. Alilileta mpaka mlangoni, akapiga honi hadi majirani wakatoka. Mkewe naye akatoka, mikono yote sabuni.

"La nani hili, baba?"

"La kwako, mama. Nimeiona dunia peke yangu kwenye kioo cha lori. Sasa twende ukaione na wewe."

Walisafiri mara moja. Nasema mara moja tu. Walikwenda hadi ziwani. Mama alilala njia nzima, mdomo wazi, na Masafa akawa anapunguza mwendo kwenye kila kona asije akamwamsha. Waliporudi, miguu ya mama ilikuwa imevimba. Wakasema ni kukaa sana garini. Haikuwa kukaa sana. Zilikuwa figo.

Daktari hakuzunguka. Figo zote mbili zimeshindwa. Damu itasafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki.

"Na akikosa siku moja?" Masafa aliuliza.

"Asikose, mzee wangu."

Sasa, hospitali haikuwa mbali. Ukitoka kwao unapita soko, unapita shule, unavuka njia panda yenye taa, umefika. Injini hata haijapata moto. Na balaa lilianzia hapo hapo. Magari ya dizeli ya siku hizi yana chujio la moshi, chini kule, linalonasa masizi. Gari likienda mwendo mrefu, bomba linapata moto mkali na masizi yanaungua yenyewe. Likienda mwendo mfupi kila siku, masizi yanabaki, yanajaa, gari linakabwa. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: safari ndefu, gari linapumua. Safari fupi, gari linakabwa.

Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Masafa hakuhitaji kuambiwa maana yake. Lakini alikwenda kwa fundi wake wa siku zote, nadhani alitaka kudanganywa kidogo. Fundi hakumdanganya.

"Mzee, uza hili. Kwa safari zako hizi, chukua kagari ka petroli. Kapo, hakana makuu, unawasha unakwenda."

Masafa akabamiza boneti. "Mimi na petroli? Si bora nipande punda!"

Fundi alicheka. Kila mtu alidhani ni kiburi cha dereva wa malori. Binti yake anasema sivyo.

"Baba alikuwa anaogopa. Aliniambia tukiwa wawili, nikiuza hili gari, nimekubali kwamba mama yako hatoki tena. Nimekubali ni hospitali na nyumbani, hospitali na nyumbani, mpaka basi."

Kwa hiyo akafanya alichojua kufanya. Akawa anampeleka mkewe, anamwacha akiwa ameunganishwa na mashine, kisha anakimbilia barabara kuu. Anaendesha kwa gia ndogo, injini inalia, haendi popote. Anafika mbele, anageuza, anarudi. Kuchoma masizi tu. Ili gari liweze kumrudisha mkewe nyumbani, na likubali kuwaka siku inayofuata.

Nilikaa na mjane wake sebuleni kwake. Ni mama wa maneno machache. Alisema hivi:

"Nimelala pale, damu yangu inazunguka nje ya mwili. Nageuza shingo, kiti cha pembeni kitupu. Wenzangu wana mtu wa kuwashikia kikombe cha maji. Mume wangu mimi yuko barabarani anachoma masizi."

Siku moja lori lilipinduka huko barabara kuu, njia ikafungwa. Masafa akakwama katikati ya foleni, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi. Mama alimaliza tiba, akatoka nje, kizunguzungu kikamshika, akajilaza kwenye benchi juani. Masafa alipofika alimkuta hivyo, kilemba kimeanguka chini. Alipiga magoti mbele ya watu.

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Nyanyuka, baba. Nipeleke nyumbani nikalale."

Bado hakuuza, wasikilizaji wapendwa. Bado alikuwa anaing'ang'ania ile safari ya kumwonyesha mkewe dunia.

Kisha ikaja siku ya njia panda. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu ni siku ngumu kwa wagonjwa hawa, maana maji yamekusanyika mwilini tangu mwisho wa wiki. Mama alikuwa amekaa kiti cha nyuma, anavuta pumzi kwa shida, kifua kinakoroma. Walipofika kwenye taa, taa ikawa ya kijani, Masafa akakanyaga mafuta. Gari halikujibu. Akakanyaga tena. Likajikokota hatua chache, likatoa moshi mweusi, likazima. Akawasha. Halikuwaka.

Nyuma yake honi. Nyie mnazijua honi za asubuhi. Mtu mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, toa mkweche wako njiani!"

Masafa alishuka. Umri ule, mwili ule. Akaweka bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, akaanza kulisukuma gari zima peke yake. Anasukuma, anapiga kelele: "Nisaidieni! Jamani, mke wangu hapumui!" Kwa zile honi hakuna aliyesikia. Waliosikia walidhani anatukana. Mwisho waliokuja ni wanawake wawili waliokuwa wanauza mboga kando ya barabara. Waliacha mboga zao chini, mmoja akasukuma, mwingine akasimama mbele ya teksi na kuizuia kwa mwili wake. Hivyo ndivyo mama alivyofika hospitali. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi.

Alipona siku hiyo. Muuguzi aliyempokea ananiambia kwamba alipotoka kwenye chumba cha mashine alimkuta Masafa amekaa sakafuni koridoni, jasho linamtiririka, mkono juu ya kifua. Akamwambia, baba, njoo nikupime presha. Masafa akamwondoa mkono.

"Mgonjwa ni yule mle ndani. Mpimeni yule."

Wiki ile ile gari jeusi likaondoka. Hakuagana nalo. Alikabidhi funguo huku anaangalia pembeni. Akarudi na kagari kadogo keupe ka petroli, magoti yake karibu yaguse usukani. Alikawasha mbele ya nyumba, akasikiliza, akasikitika.

"Hili si gari. Hii ni cherehani."

Binti akamjibu kutoka dirishani, na uzi mdomoni: "Cherehani yangu haijawahi kunizimikia njiani, baba."

Masafa alicheka. Binti anasema baba yake alicheka mpaka akalazimika kuegemea mlango ili apate pumzi. Walidhani ni kicheko tu kimemchosha.

Na kagari kale, wasikilizaji, kaliwaka kila siku. Soko, shule, njia panda, wamefika. Hakuna taa ya njano, hakuna barabara kuu. Kwa mara ya kwanza Masafa alikaa kwenye kile kiti cha pembeni. Alikishika kikombe. Na kwa kuwa mkewe hakuweza kusafiri, akawa anamsimulia: mlima ule ambao lori linapanda kama linaomba msamaha, mama muuza chai aliyemfukuza kwa mwiko, daraja ambalo madereva hulivuka bila kusema neno. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wananyamaza ili wasikie.

"Tangu anioe," mjane wake aliniambia, "sikuwahi kukaa na mume wangu kiasi kile. Ile petroli ndiyo iliyonipa mume. Halafu nikapewa kwa miezi tu."

Siku ya mwisho alimfikisha mlangoni, akamshusha, akamfunga kilemba vizuri. Akasema, "Naenda kuliegesha kivulini, nakuja." Mama akaunganishwa na mashine. Akasubiri. Masafa hakuja. Akamwomba muuguzi amwangalie huko nje.

Kagari keupe kalikuwa kivulini, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Masafa alikuwa kwenye usukani na mkanda wake amefunga. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Hapa nawaomba mniruhusu nisome maneno ya mama kama alivyoyasema, kwa sababu mimi siwezi kuyasema vizuri zaidi.

"Muuguzi aliporudi nilimsoma usoni. Nikataka kunyanyuka, nikasema nifungueni. Hawawezi kunifungua hivyo hivyo, damu yangu iko kwenye mirija. Nikapiga kelele. Nifungueni! Yuko hapo nje, chini ya dirisha, hatua chache tu, na mimi siwezi kumfikia. Walipomaliza kunifungua, walikuwa wameshamfunika."

Baada ya mazishi mama alikataa kwenda hospitali. Alikosa mara moja. Akakosa mara ya pili. Mwili ukaanza kuvimba, pumzi ikaanza kukata. Binti yake alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimemzika baba juzi. Usinifanyie hivi."

"Siwezi kupita pale alipoegesha."

"Unataka kufa kwa sababu ya maegesho?"

"Nataka kutopita pale."

Walilia pamoja. Kisha binti akafuta uso, akaenda peke yake hospitali, akalizunguka jengo lote kwa miguu. Nyuma kuna lango dogo, la kupitishia mashuka machafu yanayokwenda kufuliwa. Akamweleza mlinzi. Mlinzi akasema haruhusiwi. Binti akamweleza tena, tangu mwanzo. Safari hii mlinzi akauliza, "Mnakuja saa ngapi?"

Hivyo ndivyo mama anavyoingia sasa. Kwa teksi, kwa lango la mashuka, muuguzi akimsubiri hapo na kiti cha magurudumu. Hana furaha. Anasema wazi kwamba hajui atavumilia mpaka lini. Lakini anakwenda.

Wasikilizaji wapendwa, kuna nyumba nyingi ambako mtu mmoja anaumwa na mwingine anamhangaikia. Wote tunamuuliza yule wa kitandani: umeamkaje? Leo, kabla hujalala, mgeukie yule anayempeleka. Yule anayesukuma. Muulize yeye ameamkaje, na akikujibu kwamba mgonjwa si yeye, usikubali. Mshike mkono, mkae, apimwe.

Kwa binti yake, kwa ndugu, na kwa madereva wote waliokula naye barabarani, poleni sana. Mungu amlaze pema mzee wetu.

Na wewe, mama. Leo ni siku yako ya mashine. Muuguzi ameniahidi kwamba redio ya wodini itakuwa wazi saa hii. Kama unanisikia, tumekaa na wewe hapo pembeni. Kunywa maji yako kidogo kidogo.