Sofa Halisomi Kiarabu

Asubuhi hiyo Keko, benchi lililo mbele ya karakana ya Talha lilikuwa na hasira nyingi kuliko kahawa. Mlangoni lilisimama sofa la kona ndani ya nailoni, zuri kama bibi harusi aliyekataliwa. Mteja wa Muscat alilichagua kwenye tovuti ya Talha, ukurasa wa Kiarabu. Alipotumiwa picha ya kazi iliyokamilika, akalikataa: upande mrefu ungemzibia mlango. Talha alitengeneza kwa picha halisi, ila kwenye ukurasa ule ilikuwa imegeuzwa kama ya kwenye kioo, na aliyeugeuza, Brightson mtengeneza tovuti, alikuwa amebanwa katikati ya benchi kama mshitakiwa.

— Kiarabu kinaanzia kulia, braza — alijitetea. — Nikaupindua ukurasa mzima. Maandishi nikayarudisha, picha zikanipita.

— Maandishi sawa. Sofa langu nalo linasoma? — Talha alifoka.

— Ningepanga kwa "mwanzo" na "mwisho", si "kushoto" na "kulia", kila lugha ingejiweka yenyewe…

— Ningepanga! Mie nimeshakata mninga, wewe unaniletea ningepanga!

Badru, aliyeitwa Katiba kwa kupenda kanuni, aliweka kikombe chini.

— Hili ni la serikali. Hakuna waraka wa kulia na kushoto. Iundwe kamati. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa? — aliuliza Talha.

— Umeona wapi kamati isiyokula?

Mwinshehe, dereva mstaafu wa malori, wenyewe wakimwita Sayari, alitikisa kichwa kwa huruma.

— Nyie hamjatembea. Sie tunaendesha kushoto, kule wanaendesha kulia. Mngelipakia tu, lingejigeuza njiani. Maji ya sinki yenyewe, ukivuka ikweta, yanazunguka kinyume!

— Basi mie nikivuka nitarudi mpya? — alidakia Katiba.

— Katiba mpya? Sahau — alijibu Sayari.

Wakacheka. Talha hakucheka. Usiku kucha alikuwa amelipindua sofa lile kichwani mwake, na kila mara miguu ilikuwa juu.

Akafika Demetria, muuza vitambaa vya masofa.

— Makelele yenu nimeyasikia toka kule kwenye maduka ya sponji. Kuna nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Brightson.

— Na huo ukurasa, umeshaurekebisha?

Katiba alimtazama Sayari. Sayari alitazama mawingu. Brightson akaanza kutafuta simu mifukoni.

Iliyolia ilikuwa ya Talha. Oda mpya, ukurasa wa Kiarabu, picha ileile. Safari hii walitaka mawili.