Mfalme Asiyerushiwa Dadu

"Kitabu hiki cha mchezo wetu nikikichapisha, mtu yeyote ataweza kumuua kaka yako," mwanamke alimwambia wifi yake ndani ya basi. Muuguzi aliyekaa nyuma yao akaacha kujifanya anasinzia.

"Wifi! Si tulishamzika?"

"Tulimzika yeye. Mfalme aliyekuwa akimwigiza kwenye mchezo wetu wa mezani, ule wa kutunga hadithi na kuamua kwa dadu nani aishi na nani afe, bado anatawala. Tangu msiba, hakuna mchezaji mwenzetu aliyethubutu kumrushia dadu ili afe. Watakaonunua kitabu na kuucheza watamhurumia wapi?"

"Basi mtoe kitabuni."

"Nimtoe? Nimzike mara ya pili, kwa mikono yangu?"

Wifi akashika mdomo. "Lakini ile nchi ya mfalme mliitunga nyinyi wawili, milima na vita vyake. Ife kabatini?"

"Kituo cha wapiga chapa!" kondakta aliita. Basi likasimama. Mjane akakumbatia bahasha yenye mswada wa kitabu, hakuinuka. Muuguzi, ambaye kituo chake kilikuwa kimeshapita, naye hakuinuka.