Ulimi wa Bi Kuruthumu

Bi Kuruthumu Muharami anatuaga Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, baada ya miaka ishirini na miwili katika kiwanda chetu kidogo cha sabuni hapa Zinga. Nimeambiwa niandike mimi, kwa kuwa tumekoroga naye sufuria moja. Shule yangu ni ndogo, mnivumilie.

Alitukuta tunapika sabuni ya kuchubua mikono. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kostiki, ile dawa ya kupikia sabuni, ni besi kali, na mafuta ya nazi yana asidi dhaifu ndani yake. Vikikutana, mafuta huila kostiki. Yakiwa machache, kostiki inabaki humo ikimngoja mtu. Na hata sabuni nzuri haikosi ukali kidogo, maana mpole hammalizi mkali. Siku binti yangu Adija alipomwagikiwa kostiki mkononi akanyakua ndimu, Bi Kuruthumu alimdaka: "Maji, mwanangu, maji mengi. Ukitia ndimu vitapigana hapo hapo, na joto lake utalibeba wewe."

Kipimo chetu kilikuwa ulimi wake. Sabuni ikishakauka, huigusa kwa ncha, ikimchoma, haitoki. Mwezi wa Ramadhani hagusi mchana, hata tajiri wa Dar awe mlangoni na gari linanguruma. Husubiri adhana ya magharibi, tende kwanza, kisha sabuni. Tukimtania kuwa anafuturu kwa povu, naye anacheka.

Ramadhani iliyopita aligusa, akasema iko sawa. Mtoto wa Adija akaogeshwa nayo, mgongo ukawa mwekundu kama umemwagiwa maji ya moto. Bi Kuruthumu alikuja kwangu, akaketi jamvini, akakilamba kipande cha sabuni ile mbele yangu, tena na tena.

"Sisikii kitu, mama Adija. Ulimi umekufa."

Mjukuu alipona, alhamdulillahi. Bi Kuruthumu hadi leo hajui kama chai ina sukari.

Wenzetu wakapendekeza Adija ndiye arithi kuonja. Moyo wangu ulikosa pa kukaa. Kukataa naogopa, kukubali siwezi. Bi Kuruthumu akasimama kikaoni, akataka zinunuliwe karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi. "Ulimi wa kufia hapa uwe huu mmoja," akasema, akakaa. Karatasi zimenunuliwa.

Ahsante, Bi Kuruthumu. Nenda salama Makurunge kwa wanao. Mungu akupe afya na watu wa kukuangalia, na siku moja, inshallah, uionje chai yako, uwaambie sukari imezidi.