Damu ya Mshonaji na Chanjo Isiyotufikia

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa utafiti wa chanjo, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, wazazi wenzetu:

UKARIBISHO
Karibu sana. Viti ni vichache, lakini waliosimama nyuma hawajanuna, foleni wameizoea. Sisi ni watu wazima thelathini na wawili tuliokubali kuchanjwa kwa majaribio dhidi ya malaria, kisha kutolewa damu kila mwezi.

TULIKOTOKA
Miaka miwili iliyopita majirani walitucheka, wakasema tunabadilisha damu kwa soda. Tulinyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa kutafutia riziki. Wa kwanza kukaa kitini alikuwa mshonaji wetu, mwenye cherehani mkabala na zahanati hii. Malaria ilikuwa imemchukulia mtoto wake wa kwanza. Alisema, "Kama damu yangu ina kazi, ifanye."

MAFANIKIO
Kazi ilikuwa nayo. Daktari wa maabara alitujia na picha, akatueleza kwamba kimelea cha malaria, mbu anapokiingiza mwilini, kimevaa protini yenye kipande kinachojirudiarudia kama shanga zilizotungwa. Chanjo huufundisha mwili kukitambua kipande hicho. Kingamwili za wengi wetu hukigusa zikateleza. Za mshonaji hukikumbatia. Tena zikikaa jirani, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kimelea hakifiki kwenye ini, kinakokwenda kuzaliana.

"Kumbe ni pindo la kushona mara mbili," mshonaji akasema, tukacheka.

Kisha akauliza, "Sasa daktari, naweza kumpa mwanangu?"

"Hapana, mama. Hizo ni zako. Yeye lazima achanjwe, mwili wake utengeneze za kwake."

"Lini?"

Daktari akaanza kukunja picha.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, hapa utuvumilie, tutasoma polepole.

Chanjo ya watoto inatolewa wilaya ya jirani. Kwetu haijaletwa, kwa kuwa jokofu la zahanati halipozi tangu mwaka jana. Tumeandika barua tatu. Msimu wa mvua uliopita, mtoto aliyembakia mshonaji, wa miaka mitatu, alishikwa na homa Jumatatu. Jumatano asubuhi alifariki mgongoni mwa mama yake, wakiwa wa saba kwenye foleni. Mama hakujua mpaka muuguzi alipomwambia amteremshe. Muuguzi hatumlaumu, siku hiyo alikuwa peke yake.

MAOMBI
Tunaomba jokofu. Tunaomba chanjo ya watoto kabla mvua hazijarudi. Tunaomba pia majibu ya damu yetu tuelezwe kwa lugha tunayoielewa, maana tunasikia yameshasomwa mbali sana na hapa. Ombi la nne tulilikata kwa kalamu, kwa sababu halimo katika uwezo wa binadamu.

Msomaji wa risala hii alipaswa kuwa mshonaji mwenyewe. Alikataa. Lakini Alhamisi ile, siku moja baada ya msiba, alikuja kutolewa damu kama kawaida. Muuguzi akamwambia, "Dada, safari hii pumzika."

Akakunja mkono wa gauni. "Toa tu. Watoto wa wenzangu bado wapo."

Mungu akufikishe salama nyumbani, uwakute wanao wazima.

Ni sisi,
Kikundi cha Watoa Damu wa Utafiti